Kadi ya Kijani ya Bwana Haché

Théotime Haché alilidharau neno "get" kwa miaka saba, na kwa miaka hiyohiyo saba neno hilo ndilo lililomlisha.

Kineno chenyewe kina herufi tatu tu. Haché alikuwa amepewa kazi ya kukichambua kwa ajili ya kamusi kubwa ya Kiingereza na Kifaransa, iliyokuwa ikitungwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, mjini Moncton, Kanada. Kila aliyeingia ofisini kwake, hata fundi wa mabomba, alisomewa hotuba ileile.

"Mwingereza ni mvivu wa ulimi," angeanza, huku amefumba macho kama anayeonja divai. "Akipokea barua, get. Akishikwa na mafua, get. Akielewa mzaha, get. Akizeeka, akifika nyumbani, akimuudhi mkewe, yote ni get! Ni mtu mwenye kisu kimoja: anakatia nyama, anakatia kucha, anachokolea meno. Sisi Wafaransa tuna adabu. Barua ni recevoir. Mafua ni attraper. Mzaha ni comprendre. Kuzeeka ni devenir. Kila jambo na neno lake, kila mtu na kiti chake."

Hotuba hiyo ilikuwa tamu mara ya kwanza. Kufikia mara ya arobaini, watu walijikohoza ili wapate sababu ya kutoka nje. Na hilo la "sisi Wafaransa" liliwachekesha zaidi, kwa kuwa Haché alizaliwa Tracadie, hapo hapo Kanada, baba yake akipika kamba wa makopo kiwandani, kama baba wa watu wengine tu. Alikwenda kusoma Paris miaka sita, akarudi na sauti ya puani, hata mama yake mzazi akamwuliza kama ni jino linamuuma.

Tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Maana sitini na moja za neno "get" alikuwa amezipanga kwenye kadi nyeupe, kila kadi na maana yake, na neno lake la Kifaransa, na shahidi wake. Shahidi ni sentensi ambayo mtu fulani aliwahi kuisema au kuiandika kweli, na jina lake likawekwa chini. Bila shahidi, kadi haiingii kitabuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile ya kamusi, na sheria hiyo ilikuwa na mwanya mmoja tu: mtego.

Watunga kamusi huibiana, hilo wote wanalijua. Basi kila nyumba hutega mitego michache: maana ya uongo, ndogo, isiyoweza kumdhuru mtu, inafichwa katikati ya maana za kweli. Jirani akiinakili, amenaswa. Lakini mtego nao una adabu yake. Kabla ukurasa haujapelekwa kwa mpiga chapa, mtegaji hujaza kadi ya kijani akikiri kwamba ile ni maana ya kubuni. Kadi hugongwa mhuri wa tarehe, hupewa namba, kisha hufungiwa kwenye droo. Ufunguo wa droo ile ulikuwa shingoni mwa Odélie.

Odélie alikuwa mpiga taipu, mwanamke mnene wa kijiji cha pwani cha Cap-Pelé mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Alikuwa ameketi hatua nane kutoka mlango wa Haché kwa miaka kumi na sita. Haché alimwita "Odélie" kama mtu anavyoita paka, na alipomhitaji zaidi alibisha tu juu ya meza yake kwa kidole.

Siku moja ya Machi Odélie alileta sufuria la fricot, ule mchuzi wao wa kuku na viazi, wafanyakazi wakala pamoja kwenye meza ya taipu. Haché hakula nao. Aliuacha mlango wake wazi nusu, apate kuwadharau vizuri.

"Mama alikuwa akikanda mkate kila Jumamosi," Odélie alikuwa anasimulia. "Akishamaliza, si kunabaki unga umegandia kule chini ya bakuli? Anaukwangua kwa kisu, anauviringisha, anauchoma jikoni na mafuta ya nguruwe kidogo. Hiyo ndiyo raboune! Sasa sisi tuko tisa, jamani, na raboune ni moja. Kaka yangu Alyre ana kovu hapa kwenye nyusi mpaka leo."

Watu walicheka. Haché alibeua midomo. Raboune! Neno hilo hakuwahi kuliona katika kitabu chochote, na kwake yeye kisichokuwamo kitabuni hakikuwamo duniani. Watu wa pwani, kwa maoni yake, walikuwa wakipiga kelele tu, kisha kelele hiyo wakaiita Kifaransa. Na hapo hapo likamjia wazo lililomfurahisha sana, kwani sehemu yake ya kamusi ilikuwa bado haina mtego. Alichukua kadi akaandika maana ya sitini na mbili: "get", nomino, ya jikoni, unga uliogandia chini ya bakuli la kukandia, kwa Kifaransa, raboune. Kiingereza alikizua mwenyewe. Kifaransa alikiokota mezani kwa wala fricot, akakihesabu kuwa ni upuuzi usio na mwenyewe.

Jioni Odélie alibisha mlango, kadi mkononi.

"Bwana Haché, hii ya sitini na mbili haina shahidi."

"Haina."

"Basi ni mtego. Naomba kadi ya kijani niigonge mhuri."

"Mtego ukishajulikana na mpiga taipu si mtego tena, ni tangazo la redio."

"Lakini sheria ya nyumba inasema..."

"Sheria ya nyumba ni ya wanaosahau. Mimi sisahau."

"Sawa. Na hili neno hapa mwisho, raboune, hili mbona..."

"Piga taipu, Odélie! Mpiga taipu haulizi maana."

Odélie akamtazama, akaitazama kadi, akarudi mezani kwake akapiga taipu. Kitabu kikachapishwa, na maana ya sitini na mbili ikiwa imekaa kimya kwenye ukurasa wake.

Miaka mitatu ikapita. Mhariri mkuu, Azade Cormier, mzee mkali mwenye kifaa cha kusikilizia kilichokuwa kikipiga mluzi, akatangaza kwamba atastaafu Pasaka. Kiti chake Haché alikuwa anakitamani tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameshapima kwa macho ukuta ambapo angetundika picha ya Paris, na ameshaamua kwamba meza ya taipu itahamishiwa ukumbini chini, kwenye baridi. Kilichobaki ni baraza la nyumba kupiga kura. Na baraza lilikuwa linasitasita, maana mtu anaweza kuwa mjuzi na bado asitakiwe na mtu.

Ndipo Februari ilipoleta kamusi mpya ya washindani wao, nyumba ya Caraquet, ya Bi Edmée Savoie. Haché aliwaita "panya wa Caraquet", hata kwenye barua. Alikifungua kitabu chao moja kwa moja kwenye herufi G, kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama. Pale palikuwa na unga uliogandia chini ya bakuli. Pale palikuwa na raboune.

Alicheza. Mwanamume wa miaka sitini na moja mwenye goti bovu alicheza peke yake ofisini, kitabu kifuani. Siku hiyohiyo akaandika mashtaka ya kurasa nne, yenye maneno mawili tu ya heshima, tarehe na sahihi. Azade akayasoma, akapanga kikao na kumwita Edmée Savoie aje ajibu mbele ya baraza, kabla ya kura.

"Kadi yako ya kijani imo drooni, sivyo?" Azade aliuliza.

"Imo," akajibu Haché. Ulimi ulikuwa umetangulia, akili ikawa inakuja nyuma.

Alimkuta Odélie anamenya chungwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Haché alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Odélie, kuna kitu kidogo. Ile kadi ya mtego wangu wa 'get' hatukuijaza."

"Hatukuijaza? Mimi na nani?"

"Usinichezee maneno. Nimeileta hapa, nimeisaini. Wewe zungusha tu tarehe ya mhuri irudi nyuma, ugonge, uitie drooni. Ni kazi ya dakika moja."

Odélie alikula kipande cha chungwa, akameza.

"Kadi zina namba, Bwana Haché. Ya mwisho ya mwaka ule ni kumi na nne. Yako niiweke wapi, kumi na nne na nusu?"

"Utaona pa kuiweka!"

"Sioni. Halafu ngoja kwanza. Hilo neno raboune unasema ni mtego?"

"Ni mtego. Nimelibuni mimi."

"Umelibuni wapi?"

"Kichwani mwangu, wapi tena?"

Odélie alicheka mpaka chungwa likamponyoka. "Kichwani mwako! Bwana wee, siku ile ya fricot mlango wako si ulikuwa wazi? Umelitoa kinywani mwangu hilo, na mimi nimelitoa kinywani mwa mama. Nenda Cap-Pelé, nenda Cocagne, bisha mlango wowote wenye bibi ndani." Kisha akaacha kucheka. "Nakuambia kwa wema. Usisimame mbele ya Edmée Savoie ukasema hilo neno ni la uongo. Yule mama ana gari na ana miguu, huwa anakwenda kuuliza watu. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru. Angemwambia Azade ukweli, angekemewa siku mbili, na pengine kiti angekipata hivyohivyo. Haché aliinuka akajipangusa suruali, kana kwamba kiti cha mpiga taipu kina vumbi la pekee.

"Nyinyi wa pwani hamna maneno," alisema. "Mna kelele."

"Haya," Odélie akajibu, akaokota chungwa lake. "Mimi mpiga taipu tu."

Kikao kilikuwa asubuhi, theluji ikiyeyuka mitaani kuwa tope. Kila aliyeingia alivua buti mlangoni akaketi na soksi zake za sufu, wajumbe wa baraza, Azade, na Edmée Savoie pia, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa kitambaa miguuni. Haché peke yake alikuja na viatu vya ndani, vyeusi, vya kung'aa, vya kununuliwa Paris. Odélie aliketi pembeni na daftari la kuandikia mwenendo wa kikao.

Haché alisema kwa nusu saa. Alieleza uvivu wa Mwingereza, na adabu ya Mfaransa, na aibu ya wizi. "Neno hili," alimalizia, akigonga kitabu cha Caraquet kwa ukucha, "halikuwahi kutamkwa na binadamu hai. Si upande wa Kiingereza, si upande wa Kifaransa. Nimelizua mimi. Basi atuambie Bi Savoie amelipata wapi kama si mfukoni mwangu!"

Edmée Savoie hakusimama. "Kulisoma tulilisoma kwenu," alisema. "Anayekuambia hasomi kamusi ya jirani ni mwongo. Ila lile raboune lilinishangaza, maana halimo katika kitabu kingine chochote. Nikafurahi. Nikasema, alaa, kumbe watu wa Moncton wameanza kuwasikiliza bibi zao! Nikawasha gari nikaenda kuuliza."

Akatoa kinasa sauti mfukoni, akaweka kaseti. Sauti ya kwanza ilikuwa ya bibi kikongwe wa Cocagne. "Raboune? Unaniuliza mimi raboune? Kaa chini, mwanangu, utakula." Ya pili ilikuwa ya bibi wa Grande-Digue, akieleza kwa hasira jinsi dada yake alivyomlia raboune yake mwaka wa vita na hajamsamehe. Ya tatu iliimba wimbo mfupi wa kukwangulia bakuli. Mjumbe mmoja wa baraza, mwanasheria mwenye mvi, alianza kuuimba pamoja nayo kabla hajakumbuka yuko wapi.

Azade akakirekebisha kifaa chake sikioni. "Na upande wa Kiingereza, Edmée?"

"Upande wa Kiingereza sikupata shahidi hata mmoja. Nikasita. Nikataka kuliacha. Halafu nikaona pale chini jina la aliyelichambua, T. Haché. Nikasema, huyu bwana kalala na neno hili miaka saba, kama anasema lipo, lipo." Akamgeukia. "Tulikuamini, Bwana Haché. Kumbe kosa letu ndilo hilo."

Hakuna aliyecheka. Haché angependa wacheke, kwa sababu kicheko angejua la kukijibu.

"Théotime," akasema Azade, "ulichoandika kwenye kitabu chetu ni kweli au uongo?"

"Ni mtego."

"Kadi iko wapi?"

"Jambo la kadi ni la..."

"Nilikuuliza ukaniambia imo. Bi Odélie?"

Odélie alijibu bila kuinua macho. "Kadi za mwaka ule ni kumi na nne. Ya Bwana Haché haimo."

"Haimo kwa sababu huyu mwanamke alinikatalia!" Haché alipaza sauti. "Nilimpa kadi imesainiwa, alichotakiwa ni kugonga mhuri tu, akakataa!"

"Ulimpa lini?" Azade akauliza.

Haché aliangalia viatu vyake vya kung'aa, na kando yake soksi zote zile za sufu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi maneno yalimwishia, ya Kiingereza na ya Kifaransa.

"Mtego usio na kadi ni uongo tu," alisema Azade taratibu. "Na watu wameununua uongo huo miaka mitatu kwa kutuamini."

Mashtaka yalitupwa. Maana ya sitini na mbili ya "get" ikafutwa, na karatasi ya masahihisho ikaagizwa itiwe ndani ya kila nakala iliyobaki ghalani. Kuhusu raboune, baraza liliamua liingie upande wa Kifaransa, mahali pake pa haki. Kuhusu kiti cha mhariri mkuu, jina la Haché halikutajwa tena hata na wale waliokuwa wakimuunga mkono. Kura ilipopigwa, alikipata mtu aliyekuwa akichambua herufi M, mpole, ambaye hajawahi kumsomea fundi wa mabomba hotuba yoyote.

Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria moja zaidi, nayo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Aliyekosea ndiye anayeandika kadi ya kusahihisha, kwa mkono wake, na shahidi akiwa mbele yake.

Kwa hiyo Jumatatu alasiri Haché alizitembea zile hatua nane hadi kwenye meza ya taipu, akiwa na kadi nyeupe na kalamu. Hakubisha meza kwa kidole. Alisimama mpaka Odélie alipomaliza mstari wake.

"Nimekuja kwa ajili ya ile kadi," alisema.

"Kaa."

Akakaa. Akaandika neno juu ya kadi, akaandika maana yake, unga uliogandia chini ya bakuli, uliokwanguliwa na kuchomwa. Alikuwa na mwandiko mzuri, hilo nalo tusimnyime. Kisha kalamu ikasimama, maana kadi yenye heshima lazima ieleze na matumizi, na hapo Haché akagundua kwamba hajui.

"Hii raboune," aliuliza, sauti ya puani ikiwa imempotea kidogo, "huwa anapewa nani?"

Odélie angeweza kumcheka na kila mtu angemwelewa.

"Anapewa aliyesaidia kukanda," alisema. "Asiyekanda ananusa tu."

Haché akaandika hivyohivyo, neno kwa neno. Ikabaki ile sehemu ya chini kabisa, ya jina la shahidi. Akaandika "Odélie" kwa herufi nzuri za kulala, akaacha nafasi, akainua kalamu. Wino ukaanza kukusanyika kwenye ncha yake. Alijikuna kidevu, akatazama dirishani, akamtazama mwanamke aliyekuwa ameketi mbele ya mlango wake miaka kumi na tisa.

"Samahani," alisema Théotime Haché. "Jina lako la ukoo ni nani?"

Odélie aliivuta kadi upande wake, akachukua kalamu kutoka mkononi mwake, akaandika mwenyewe: Goguen.